Gramu Thelathini

Siku nilipokabidhi funguo za ghala, ninyi vijana wa jikoni mliniomba niwaandikie mambo ambayo jedwali la ukutani haliyasemi. Nimechelewa kutimiza ombi hilo kwa sababu moja. Kila nilipoanza niliandika habari za mizani, na kila habari za mizani zilinifikisha kwa mwanamke mmoja, nikaweka kalamu chini. Safari hii sitaiweka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara haukuwahi kuwa habari. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu. Nilichoambiwa na watu, nitasema kwamba nimeambiwa.

Nilifika katika hospitali yetu, huku juu Mbozi, nikiwa na cheti cha chuo cha mapishi na lishe na miwani ambayo sikuihitaji sana. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Nzowa, mwenyeji wa Ruanda ya hapahapa Mbozi, mtu wa kahawa kabla ya saa za kazi na baada ya saa za kazi. Hakuniuliza jina. Alichukua kikombe cha bati chenye mstari wa mililita mia mbili na hamsini, akakijaza maji hadi kwenye mstari, akaniuliza uzito wake.

"Gramu mia mbili na hamsini," nikasema.

Akamwaga maji, akakikausha kikombe, akakijaza unga wa sembe hadi kwenye mstari uleule. "Na huu?"

"Mia mbili na hamsini."

Hakucheka. Alinisogezea mizani ya mezani, ile ya sahani na mshale. Unga ule ulikuwa na gramu mia na thelathini. Akajaza chumvi laini, mshale ukakaribia mia tatu.

"Umesoma chuo gani, kijana?"

Nikamtajia.

"Basi chuo hicho kikuombe radhi," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Mwaka ule wa kwanza nilijifunza kwake zaidi ya yote niliyofundishwa darasani. Unga uliotoka mashineni asubuhi una hewa ndani yake. Ukikaa wiki nzima guniani hujishindilia, na kikombe kilekile kinachukua mwingi zaidi. Chumvi ya mawe ina mapengo katikati, kwa hiyo kijiko chake ni chepesi kuliko kijiko cha chumvi laini, na mpishi anayebadili chumvi bila kubadili kijiko atawalisha wagonjwa wake bahari. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ingawa mkono unakudanganya kwamba ni mazito kwa sababu yanamiminika polepole. Debe la mahindi yaliyokauka vizuri si sawa na debe la mahindi yaliyonyeshewa njiani. Mambo haya hayahitaji akili nyingi. Yanahitaji mizani, na mtu asiyeona uvivu kuitumia.

Mzee Nzowa alinituma mara kadhaa Tunduma kununua maharage. Pale mpakani wafanyabiashara wa Zambia huuza kwa meda, yaani kindoo chao cha kupimia, na kila mwenye meda ana siri yake. Mama mmoja alikuwa na meda ambayo kitako chake kilibonyezwa kwa ndani kwa ustadi wa fundi. Nilipotoa mizani yangu ya kuning'iniza, sokoni pakatokea kicheko.

"Batata," akaniita baba kwa heshima ya Kibemba, ijapokuwa macho yake hayakuwa na heshima hata kidogo, "meda ni meda. Hapa tunauza maharage, hatuuzi dhahabu. Au mkeo amekutuma umpelekee gramu?"

"Nimetumwa kilo hamsini, si meda."

"Haya, pima. Ila ukimaliza, nipime na mimi, maana mume wangu anasema nimepungua."

Nilipima. Nilinunua kwa mwingine. Niliporudi na kumweleza Mzee Nzowa, nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza, na kuanzia siku ile nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa. Huo ulikuwa mwanzo wa kosa langu, lakini sikuujua.

Kazi ngumu kuliko zote katika jiko lile ilikuwa maziwa ya wodi ya lishe. Mnayajua: watoto waliokonda hawapewi chakula cha kukisia. Daktari huandika gramu za maziwa ya unga, gramu za sukari, gramu za mafuta, na kiasi cha maji. Maziwa yakiwa mepesi, mtoto hapandi uzito. Yakiwa mazito kupita kiasi, tumbo lake linaharibika, na mtoto wa namna hiyo hana akiba ya kuhimili kuharisha. Lakini mpishi mwenye sufuria tatu motoni na akina mama ishirini mlangoni hawezi kupima kila kitu kwa gramu mara nane kwa siku. Kwa hiyo mimi na Mzee Nzowa tulikaa wiki nzima tukipima kila kiungo, kisha tukaandika jedwali la kubadili gramu kuwa vikombe na vijiko. Maziwa ya unga: kikombe kimoja, kilichofutwa kwa kisu, gramu mia na ishirini. Nililiandika jedwali hilo kwa mkono wangu, nikalibandika ukutani nyuma ya karatasi ya plastiki.

Mzee alilitazama kwa muda mrefu. "Hili ni la vitu vya wiki hii," akasema. "Vikija vingine, pima tena."

Nikaitikia. Alistaafu miezi michache baadaye, akarudi kwenye kahawa yake. Mizani ya mezani ilikatika springi mwaka uliofuata. Niliomba nyingine, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Baada ya muda nikaacha hata kuomba, kwa sababu jedwali lilikuwepo, na sikuona lililoharibika.

Sasa nifike kwa Mama Atupele.

Alikuwa Mndali kutoka milima ya Ileje, upande wa Isongole, mjane, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Aliajiriwa kuosha vyombo, lakini Mzee Nzowa alimwona anavyotazama sufuria, akamfanya mpishi wa maziwa. Nilipoachiwa jiko nilimkuta hapo, na kwa miaka mingi sikumkuta na kosa. Alifika kabla ya wote. Alifuta kikombe kwa kisu kama nilivyoagiza, akaandika daftarini kwa vijiti vya kuhesabia, maana shule yake ilikuwa fupi. Watoto walimjua kwa sauti. Aliwaimbia kwa lugha ya kwao alipokuwa akiwanywesha, kazi ambayo haikuwa yake. Nilimkanya mara moja kwamba mahali pa mpishi ni jikoni. Alinijibu, "Ndiyo, Baba," na kesho yake akaenda tena wodini.

Kisha mfadhili aliyekuwa akituletea maziwa ya unga akabadilika, na mifuko ikabadilika. Uzito ulioandikwa juu ya mfuko ulikuwa uleule. Maziwa yenyewe yalikuwa meupe zaidi, chembe zake kubwa kidogo, na yaliyeyuka majini kwa haraka. Nilifurahi. Niliyamimina katika pipa la ghalani, nikaweka alama kwenye kijiti changu cha kupimia kina kama ilivyokuwa desturi, nami nikajua kutokana na kina hicho kwamba pipa lina vikombe vingapi. Ninawasihi msome tena sentensi hiyo. Nilijua vikombe. Gramu sikuzijua, na sikujua kwamba sizijui.

Baada ya mwezi mmoja nilichovya kijiti, nikalinganisha na daftari. Kwa kila vikombe ishirini vilivyotoka pipani, Mama Atupele alikuwa ameandika kumi na vitano. Nikapima wiki iliyofuata, ikawa vilevile. Ufunguo wa pipa tulikuwa nao wawili, mimi na yeye.

Wakati huohuo maneno yalikuwa yameanza. Binti yake, huyo Atupele mwenyewe, alikuwa akiuza maandazi Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Ikasemwa kwamba maandazi yake siku hizi yamekuwa laini mno na yana harufu ya maziwa. Mlinzi wa geti ndiye aliyeniletea habari hiyo, akiwa na uhakika wote wa mtu ambaye hajawahi kuonja andazi lenyewe. Nilimfukuza. Nilimwambia katibu wa hospitali kwamba habari za maandazi zisiandikwe popote, maana mimi sihukumu mtu kwa uvumi. Hesabu inatosha, nikasema. Nilijivunia sentensi hiyo.

Kikao kilifanyika katika chumba cha kulia chakula, mchana, mbele ya wafanyakazi wote wa jiko. Katibu aliongoza, mimi niliuliza maswali na kuandika muhtasari.

"Mama Atupele, kwa siku unatumia vikombe vingapi vya maziwa?"

"Kama nilivyoandika. Kumi na vitano."

"Pipa linasema ishirini."

"Pipa halipiki, Baba."

Wapishi wakacheka. Katibu akagonga meza.

"Jibu swali, Mama."

"Nimejibu. Maziwa ya mifuko hii mipya ni mepesi. Ukiyafuta kwa kisu, unawapa watoto maji meupe. Kwa hiyo siyafuti. Ninayaacha na kilele, mtoto anashiba."

"Hivyo unatumia zaidi ya ulichoandika."

"Kikombe si ni kimoja? Kwetu, kikombe kisicho na kilele hujampa mtu kitu, umemwonyesha tu."

Na ni kweli. Nendeni soko lolote la Ileje mkaone: anayekuuzia karanga hujaza kopo hadi lipate kichuguu, kisha huongeza konzi moja ya mkono, na kopo hilo lenye kichuguu ndilo linaloitwa kopo moja. Anayefuta kwa kiganja huzungumzwa vibaya hadi kanisani. Nililijua hilo kama alivyolijua yeye.

"Mepesi kiasi gani?" nikamwuliza.

"Mkono unasikia."

"Mkono si ushahidi. Umeyapima?"

"Mizani iko wapi, Baba?"

Hapakuwa na kicheko safari hii. Nilimwonyesha jedwali kupitia mlango wa jiko, nikasema, "Jedwali liko ukutani." Kisha nikatoa hoja ambayo niliona ni ya mwisho, nayo ilikuwa nzuri sana kwa sikio. Nilisema: kikombe kilichofutwa kina gramu mia na ishirini. Chenye kichuguu kama anachodai kingekuwa na mia na sitini. Maziwa mazito kiasi hicho yangewaharisha watoto wote. Watoto hawakuharisha hata mmoja. Kwa hiyo vichuguu hivyo havikuwahi kuingia sufuriani, na maziwa yaliyopungua yalikwenda mahali pengine.

Mama Atupele alinitazama kana kwamba nimeanza kusema lugha nyingine. "Hawakuharisha," akasema polepole, "kwa sababu niliwapa kipimo chao."

Niliandika katika muhtasari: *Mtuhumiwa ametoa maelezo yasiyo na uthibitisho.* Mwandiko ni wangu. Mtaukuta katika faili, kama panya hawajautangulia. Neno la mtu aliyeshika kikombe kile kila siku kwa miaka kumi na tisa nililiweka katika fungu moja na maneno ya mlinzi wa geti.

Aliachishwa kazi wiki hiyo. Alivua aproni, akaikunja, akaniachia mezani pamoja na ufunguo wa pipa. Hakuna aliyemsindikiza hadi barabarani, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuonekana na mwizi.

Mahali pake nilimweka Neema, msichana makini aliyetii kila neno langu. Alifuta kikombe kwa kisu hadi uso wake ukang'aa. Nilichovya kijiti: pipa na daftari vikalingana kwa kikombe kimoja kimoja. Nililala usingizi mzuri, jambo ambalo siku hizi huniumiza kulikumbuka.

Katika wiki ya tano tangu Mama Atupele aondoke, muuguzi mkuu wa wodi ya lishe, Sista Elika, alikuja jikoni na kadi za watoto mkononi. Hakuwa mtu wa kuja jikoni.

"Mzee, watoto wangu hawapandi."

"Wanaharisha?"

"Hawaharishi. Hawatapiki. Wanapewa, wanamaliza, wanalilia kikombe. Hawapandi."

"Akina mama wanayagawa kwa watoto wao wakubwa?"

"Nimekaa nao nikiwatazama, zamu tatu. Usiniulize mambo ya akina mama."

Nilimwambia jiko halijabadili kitu, na kwamba hesabu za maziwa hazijawahi kuwa safi kama sasa. Akaondoka. Wodini na jikoni ikaanza kusemwa kwamba Mama Atupele amesusia sufuria, kwamba ameondoka na baraka za mkono wake, na wengine walisema maneno mabaya kuliko hayo. Niliwakemea. Ilikuwa rahisi kwangu kuwakemea kuliko kutafuta mizani.

Alikuwepo mtoto wa kike kutoka Galula, miezi kumi na minne, aliyeletwa na bibi yake kwa bodaboda, mwendo wa nusu siku. Alilazwa wiki moja kabla ya Mama Atupele kuondoka, na katika wiki hiyo moja kadi yake ilipanda. Baadaye ilisimama. Katika wiki ya sita akapata homa ya kifua, na siku ya tatu ya homa hiyo akafariki. Daktari aliandika nimonia. Nimonia ilikuwepo, nilimsikia mtoto yule akihema. Mimi si daktari na sitaandika nisichokijua. Siwezi kusema kikombe kilimuua. Siwezi kusema hakikumuua. Ninachojua ni kwamba alipokuja kupigana na nimonia, alikuwa hana nguvu ambazo jiko langu lilipaswa kumpa.

Asubuhi aliyozikwa, Sista Elika alirudi jikoni akiwa amebeba mizani ya famasi mikononi, kama mtu aliyebeba mtoto. Aliiweka mezani, hakunisalimu. "Pima," akasema.

Neema alichota maziwa, akafuta kwa kisu. Nikaweka kikombe juu ya mizani, nikaondoa uzito wa bati. Gramu tisini. Nikamwambia achote tena. Tisini na moja. Tena. Themanini na tisa.

"Inatakiwa ngapi?" akauliza Sista Elika.

"Mia na ishirini."

Nilimtazama Neema. "Chota kama alivyokuwa akichota Mama Atupele."

Aliogopa, kwa sababu nilikwisha kumkataza. Kisha akachota, akaacha kilele kisimame, akakigusa kidogo kwa kidole ili kisimwagike, kama alivyomwona mwenzake akifanya. Mia na kumi na nane. Cha pili, mia na ishirini na mbili. Cha tatu, mia na ishirini kamili.

Vikombe kumi na vitano vyenye kilele, kwa maziwa yale mepesi, vilichukua nafasi ya vikombe ishirini vilivyofutwa. Hakuna hata punje moja iliyopotea. Kijiti changu kilipima ujazo, daktari aliandika uzito, na katikati yao alikuwa amesimama mwanamke mmoja akivipatanisha kwa mkono wake, mara nane kwa siku, bila mizani, wala asante. Kilichokuwa kikikosekana kilikuwa gramu thelathini katika kila kikombe, na nilianza kukikosesha mimi, siku nilipomwondoa.

Ilikuwa wiki ya saba tangu aondoke. Jioni ile maziwa yalipikwa kwa gramu, na katika wiki iliyofuata kadi zikaanza kupanda.

Niliandika taarifa kwa katibu, nikajitaja kwa jina mwanzo hadi mwisho kuwa ndiye niliyekosea. Niliomba Mama Atupele arudishwe kazini na asafishwe kwa maandishi. Barua ilichukua mwezi. Nilipewa niipeleke mwenyewe, nami nilitaka hivyo.

Nyumba yake ilikuwa juu ya Isongole, mahali ambapo shamba limeegemea mlima hivi kwamba mtu hulima akiwa kama anapanda ngazi. Alikuwa anapukuchua mahindi na majirani zake wanne. Alinikaribisha kiti. Aliletewa maji ya kunawa, akanimiminia yeye mwenyewe, akaniwekea ugali na maharage. Nilipotaka kuanza maneno alisema, "Kula kwanza, Baba. Safari ni ndefu." Nilikula.

Nilipomaliza nikatoa bahasha. "Mama, nimekuletea barua ya hospitali."

"Macho yangu hayasomi maandishi madogo. Nisomee."

"Hapa, mbele ya watu?"

"Kule mlinisomea mbele ya watu."

Nikasoma. Barua ilisema kwamba imebainika kulikuwa na tofauti ya kitaalamu katika ubadilishaji wa vipimo. Kwamba hospitali inasikitikia usumbufu uliojitokeza. Kwamba mhusika anaweza kuomba kurejea kazini kwa kufuata taratibu. Muhuri, sahihi.

Majirani walikuwa wameacha kupukuchua. Mama Atupele alingoja kidogo, akidhani kuna ukurasa wa pili.

"Sasa soma pale panaposema sikuiba."

Nikatazama karatasi. Nikaitazama tena, mstari kwa mstari, kana kwamba sikuwa nimeisoma mara kumi njiani.

"Hapapo," nikasema.

"Hapapo?"

"Hapapo, Mama."

Jirani mmoja, mwanamke mzee kuliko sote, akaguna. "Wamekuja na barua, wameacha neno nyumbani."

Nikasema basi kwa kinywa changu: hakuiba, maziwa yalikuwa mepesi kama alivyosema, aliyekosea ni mimi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akanipa ubao wa kuandikia wa mjukuu wake niuweke magotini. "Andika," akasema. Nikaandika chini ya muhuri, kwa herufi kubwa ili aweze kuzisoma: *Mama Atupele hakuiba. Aliwapa watoto kipimo chao. Nilimshtaki kwa kosa langu mwenyewe.* Nikatia sahihi. Aliifuata mistari kwa kidole, taratibu, akaikunja.

"Na watoto?" akauliza.

Nikamweleza. Sikuficha wiki hata moja.

"Yule wa Galula, aliyekuwa akinishika kidole nikimnywesha?"

"Huyo."

Alijifunika uso kwa kitenge. Wenzake wakamsogelea, mimi nikabaki kwenye kiti changu. Alipojifunua alisema maneno ambayo nimekwenda nayo hadi leo. Aliyasema bila hasira, na afadhali angeyasema kwa hasira. "Nilikuambia, Baba. Nilikuambia ukiwa na kalamu mkononi."

Nilimwomba arudi. Akakataa. Nilimwomba aje hata siku moja kwa mwezi awafundishe wapishi wapya. Akasema mahindi yanamngoja. Nikashuka mlima.

Kwa miaka iliyobaki ya kazi yangu nilipima kila mfuko ulioingia ghalani, hata wa aina tuliyoizoea, na mlikuwa mkinisengenya kwa hilo, nilisikia. Jedwali linabadilishwa kila shehena, pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Mpishi akisema kitu ni chepesi au kizito, mizani inaletwa hapohapo, kabla hajamaliza sentensi. Hizo ndizo kanuni zangu mlizoziita ukali. Sikuwaambia zilikotoka.

Mama Atupele alifariki miaka mitatu baada ya safari yangu ile. Nilikwenda kuzika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia: kwaya, majirani wa mlimani kwao, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, Malawi, na marafiki wa binti yake waliokuja kwa basi kutoka Tunduma. Nilisimama nyuma, kwenye miti ya mkaratusi. Baada ya ibada mpwa wake alisoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, ujane, watoto. Alipofika kwenye kazi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nikautambua muhuri.

Familia ilikuwa na nia njema. Walitaka mama yao azikwe na jina lake. Lakini mpwa yule hakuweza kusoma kwamba hakuiba kabla ya kueleza kwamba alishtakiwa, na akaeleza: kikao, pipa, maziwa ya watoto wagonjwa, kufukuzwa. Kisha akasoma mistari yangu mitatu kwa sauti kubwa, na jina langu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni, ukachukua nusu ya maneno.

Mbele yangu walisimama wasichana wawili waliokuja na binti wa marehemu, wageni wa mahali pale, ambao bila shaka walikuwa hawajapata kusikia lolote juu ya mwanamke yule isipokuwa kwamba ni mama wa rafiki yao. Mmoja alimwinamia mwenzake.

"Kumbe alikuwa ameiba nini?"

"Maziwa ya hospitali, nadhani. Ya watoto."

"Mh! Ya watoto?"

Niliwagusa bega. Nikawaambia hakuiba kitu. Wakageuka wakanitazama kwa adabu, kama vijana wanavyomtazama mzee anayeongea msibani, na yule wa kwanza akaniuliza kama mimi ni ndugu wa marehemu.

Nikasema hapana. Akasema, "Pole, Babu," akageuka mbele, maana kwaya ilikuwa imeanza na jeneza lilikuwa linateremshwa.